Ngao Bila Ulimi: Chimbuko la Elimu ya Nembo na Deni la Wanakiswahili

Miongoni mwa sheria za Kenya mna moja ambayo mwaka mzima unaweza kupita isitajwe darasani wala mahakamani. Ni Sheria ya Chuo cha Nembo, Sura ya 98, iliyotungwa mwaka 1968, miaka mitano baada ya uhuru. Kwa sheria hiyo nchi ilijiundia chombo chake yenyewe cha kutoa na kusajili nembo za ngao, kikawekwa chini ya Ofisi ya Mwanasheria Mkuu, ili mji, shule au shirika la Kenya lipate ngao yake Nairobi badala ya kuiomba London. Mataifa ya Afrika yaliyochukua hatua ya namna hiyo ni machache. Pamoja na hayo, sheria hiyo iliandikwa kwa Kiingereza, istilahi zake ni za Kiingereza, na Kiswahili kilibakia nje kikisubiri mlangoni.

Basi mwanafunzi yeyote wa Kiswahili na aombwe kufanya jambo moja lionekanalo jepesi: aieleze ngao ya Kenya kwa maneno matupu, bila kuchora na bila kutoa sarafu mfukoni, kwa namna ambayo mchoraji asiyepata kuiona maishani ataweza kuichora bila kukosea. Wengi wataanza vizuri kwa jogoo na shoka, kisha watakwama. Jogoo anatazama upande upi? Shoka amelishika kwa mguu gani? Ule weupe unaotenganisha rangi uitweje: mstari, ukingo, mkanda au pindo? Na "kulia" ni kulia kwa nani, kwa anayeitazama ngao au kwa anayeibeba? Kosa si la mwanafunzi huyo. Lugha yake haijapewa kazi hiyo na wale ambao wangeipa.

Makala haya yanashikilia kwamba elimu ya nembo ni taaluma ya lugha kabla ya kuwa sanaa ya rangi na brashi, na kwamba kwa sababu hiyo ni shamba la wanakiswahili ambalo limelala bila kulimwa. Ili dai hilo lipimwe kwa haki, sharti chimbuko la elimu yenyewe litazamwe kwanza, huko Ulaya Magharibi katika karne ya 12.

Masimulizi yaliyozoeleka vitabuni husema kwamba nembo zilizaliwa vitani: askari wapanda farasi walipoanza kuvaa kofia za chuma zilizofunika uso mzima, rafiki hakuweza kumtambua rafiki, ndipo kila mmoja akaipaka ngao yake alama. Masimulizi haya yana ukweli kiasi, lakini yanarudiwa kwa wepesi mno. Upo ushahidi wa kale wa kuyapima. Kitambaa maarufu cha Bayeux, kilichotariziwa katika karne ya 11 kusimulia vita vya Hastings vya mwaka 1066, kinaonyesha ngao nyingi zenye misalaba, madoa na madubwana. Hata hivyo alama hizo hazina utaratibu, na mtu yule yule huweza kuonekana na ngao hii hapa na nyingine pale. Katika kitambaa hicho hicho William wa Normandi anaonekana akiinua kofia yake ili askari wake wauone uso wake na kuamini kuwa yu hai. Kama ngao yake ingetosha kumtambulisha, kwa nini afunue uso katikati ya mishale? Alama zilikuwapo mwaka 1066, ila hazijawa nembo bado.

Kilichogeuza alama kuwa nembo ni urithi. Mwandishi wa tarehe John wa Marmoutier, akiandika nusu karne hivi baada ya tukio, anasimulia kwamba mwaka 1128 Mfalme Henry I wa Uingereza alipomtawaza Geoffrey wa Anjou, mkwe wake mtarajiwa, alimpa ngao yenye simba wa dhahabu. Masimulizi hayo peke yake yangeweza kutiliwa shaka, lakini bamba la shaba lililopambwa kwa rangi za kioo, lililowekwa kwenye kaburi la Geoffrey na kuhifadhiwa hadi leo mjini Le Mans, linamwonyesha na ngao ya samawati yenye simba wa dhahabu. Hatua ya mwisho ya ushahidi inapatikana Salisbury, Uingereza, kwenye kaburi la William Longespée aliyefariki mwaka 1226. Huyu alikuwa mjukuu wa Geoffrey, mwana wa nje ya ndoa wa Mfalme Henry II, na ngao yake ni ile ile: samawati, na simba sita wa dhahabu. Babu na mjukuu wametengana kwa zaidi ya miaka 70, na alama haikubadilika. Hapo ndipo elimu ya nembo inaweza kusemwa kuwa imezaliwa.

Mihuri ilisaidia zaidi ya kofia za chuma. Katika zama ambazo makabaila wengi hawakujua kuandika, mkataba ulithibitishwa kwa nta iliyopigwa chapa, na aliyekuwa na muhuri alihitaji alama isiyobadilika kila msimu. Richard I alianza utawala wake mwaka 1189 na muhuri wa namna moja, na kufikia mwaka 1198 alikuwa na mwingine unaoonyesha simba watatu, simba ambao wangali kwenye ngao ya kifalme ya Uingereza hadi leo. Na si wafalme tu. Katika karne ya 13 nembo zilionekana kwenye mihuri ya wanawake, maaskofu, miji, vyama vya mafundi na, kule Normandi, hata wakulima wa kawaida. Jambo hili lifaa kukumbukwa, kwani wengi huiona elimu ya nembo kuwa mali ya mabwana peke yao tangu mwanzo. Haikuwa hivyo. Ilifanywa hivyo baadaye, na kwa nchi baadhi tu.

Sasa kuna mhusika mmoja ambaye mwanakiswahili anapaswa kumkazia macho kuliko Geoffrey na simba wake. Huyu ni mpiga mbiu. Katika mashindano ya mikuki yaliyowavutia makabaila wa Ufaransa na jirani zake, alikuwapo mtu ambaye kazi yake ilikuwa kutangaza nani anaingia uwanjani. Alilazimika kuzijua ngao, na kuzijua hakukutosha, sharti azitamke. Kutokana na kazi hiyo ya sauti ndipo lilipotokea jina la elimu yenyewe katika lugha nyingi za Ulaya, na wapiga mbiu hao wakawa waandishi wa orodha ndefu za nembo zilizohifadhiwa kuanzia karne ya 13. Orodha nyingine zimechorwa, nyingine hazina hata mchoro mmoja: ni maneno matupu. Lakini maneno hayo, yaliyoandikwa kwa Kifaransa cha wakati ule, yanatosha kumwezesha mchoraji wa leo kuichora ngao ambayo mwenyewe alikufa miaka 750 iliyopita.

Siri yake ni sarufi. Tamko la ngao lina mpangilio usiovunjwa: hutajwa kwanza uwanja na rangi yake, kisha alama kuu, kisha alama ndogo zinazoizunguka au kuilalia. Rangi ni chache na zimegawanyika katika makundi mawili, madini, yaani dhahabu na fedha, na rangi zenyewe, kama nyekundu, samawati, nyeusi na kijani. Kanuni kuu ni kwamba madini hayawekwi juu ya madini wala rangi juu ya rangi, ili ngao isomeke kwa mbali. Dhahabu na fedha huweza kuchorwa manjano na nyeupe bila kosa lolote. Simba anaweza kuwa mnene kwa fundi mmoja na mwembamba kwa mwingine, na ngao ikabaki ile ile. Kinachofanya nembo iwe nembo si mchoro, ni tamko. Hii ndiyo tofauti kubwa baina yake na alama ya kampuni ya kisasa, ambayo ukibadilisha unene wa mstari mmoja tayari umeiharibu.

Kesi moja inaonyesha uzito wa tamko hilo. Mwaka 1385 jeshi la Mfalme Richard II lilipokwenda kuipiga Uskoti, Sir Richard Scrope aligundua kwamba Sir Robert Grosvenor amebeba ngao sawa na yake, ngao ambayo tamko lake ni la maneno machache tu ya Kifaransa na ambalo kwa Kiswahili lingekuwa: samawati, mshazari wa dhahabu. Ugomvi huo ulipelekwa mbele ya mahakama ya mambo ya kijeshi na kuendelea hadi mwaka 1390. Mashahidi mamia waliitwa, na mmojawao alikuwa mshairi Geoffrey Chaucer. Mwaka 1386 Chaucer alieleza kwamba aliwaona akina Scrope wakiibeba ngao hiyo vitani Ufaransa. Aliongeza kwamba siku moja, akipita mtaa wa Friday Street mjini London, aliona kibao kipya cha nyumba ya wageni kina ngao hiyo, akauliza ni nyumba gani iliyotundika ngao ya Scrope. Akajibiwa kwamba si ya Scrope, ni ya Sir Robert Grosvenor, na hiyo ikawa mara yake ya kwanza kulisikia jina hilo. Grosvenor alishindwa. Aliambiwa mwanzoni aongeze pindo la fedha kuizunguka ngao, lakini mfalme akaamua kuwa tofauti hiyo hufaa baina ya jamaa wa damu moja, si baina ya watu wasiohusiana. Akachukua mganda wa ngano wa dhahabu badala yake, na kizazi chake kingali nao. Wasomi wa fasihi hulifahamu jambo hili kwa sababu ushahidi huo ni mojawapo ya nyaraka chache zinazodokeza umri wa Chaucer. Walimu wa isimu wangeweza kulitazama upya: watu wawili walibishana miaka mitano juu ya umiliki wa kirai kimoja cha nomino.

Baada ya hapo dola ziliingia kati. Richard III aliwapa wapiga mbiu wa Uingereza hati ya kuwa chuo mwaka 1484. Malkia Mary I na mumewe Philip wakatoa hati nyingine mwaka 1555, na chuo hicho kingali London kikiwa na maafisa 13 wa kawaida. Uskoti ina mfumo wake mkali zaidi: sheria ya mwaka 1672 iliamuru kuwepo sajili moja ya nembo zote, na afisa mkuu wa nembo huko ana mahakama inayoweza kumshtaki anayebeba ngao asiyopewa. Ufaransa ilitumia nembo kwa hila ya kodi, pale Louis XIV alipoamuru mwaka 1696 zisajiliwe kwa malipo, hata maseremala na wachinjaji wakajikuta na ngao ambazo hawakuziomba. Kisha mapinduzi yakazipiga marufuku mwaka 1790. Uingereza nayo ina kioja chake. Mahakama ile iliyowaamua Scrope na Grosvenor ililala zaidi ya karne mbili, ikaamshwa mwaka 1954 kwa kesi moja tu: halmashauri ya jiji la Manchester ikiushtaki ukumbi wa burudani kwa kutumia nembo ya jiji bila idhini. Halmashauri ilishinda. Mahakama haijakaa tena tangu hapo.

Ni vyema pia ikumbukwe kwamba Ulaya haikuwa peke yake. Maamiri wa Kimamluki waliotawala Misri na Shamu kuanzia karne ya 13 walikuwa na alama zao za duara zilizochongwa misikitini na kuchorwa kwenye taa na vyombo: kikombe kwa mnyweshaji wa sultani, kidau cha wino kwa katibu, upanga kwa mbeba silaha. Alama hizo ziliitwa "rank", neno lililotokana na "rang" la Kiajemi, ambalo ndilo mzazi wa "rangi" ya Kiswahili. Japani nayo ilikuza alama zake za koo bila kumwiga mtu. Kwa hiyo tendo la kuitambulisha jamaa kwa alama ya kurithiwa si mali ya bara moja. Kilicho cha Ulaya hasa ni ile sarufi ya kuitamka.

Nani anaiendeleza elimu hii leo? Yafaa kutenganisha aina mbili za vyombo, kwani huchanganywa mara kwa mara. Zipo mamlaka zenye nguvu ya sheria: Chuo cha London, mahakama ya Uskoti, ofisi ya Ayalandi, Mamlaka ya Nembo ya Kanada iliyoundwa mwaka 1988, Ofisi ya Nembo ya Afrika Kusini iliyoanza mwaka 1963, na hicho Chuo cha Nembo cha Kenya. Hizi ndizo hutoa au kusajili ngao. Pembeni yake vipo vyama vya hiari visivyo na nguvu yoyote ya kisheria, na hivi ndivyo vilivyoiokoa taaluma. Chama cha Herold kilianzishwa Berlin mwaka 1869, cha Adler mjini Vienna mwaka uliofuata, na cha Uswisi mwaka 1891. Cha kusini mwa Afrika kilianza mwaka 1953, cha Kanada mwaka 1966, cha Uskoti mwaka 1977.

Kisa cha chama cha Uingereza kinawahusu wasomaji wa jarida hili moja kwa moja. Kilianzishwa mwaka 1947 na John Brooke-Little, kijana wa miaka 20. Hakuwa profesa wala afisa wa chuo cha nembo. Alikuwa mtu wa umri wa mwanachama wa kawaida wa chama cha wanafunzi. Mwaka 1950 chama hicho kikaanza kuchapisha jarida, kikaandaa mihadhara na hatimaye mitihani ya ngazi mbalimbali ambayo mtu yeyote angeweza kuifanya. Mwanzilishi huyo alikuja kuwa mmoja wa maafisa wakuu watatu wa Chuo cha London. Kazi ya vyama hivi kwa sehemu kubwa si ya fahari: kunakili makaburi kabla maandishi hayajafutika, kusahihisha matamko yenye makosa, kuwajibu watu wanaoandika kuuliza maana ya ngao iliyoko kwenye kijiko cha bibi yao. Kazi nyingine ni ya kupambana na ulaghai. Wako wafanyabiashara wanaomuuzia mteja "nembo ya ukoo" kwa kutazama jina lake la mwisho tu, ilhali katika desturi ya Uingereza ngao hupewa mtu mmoja na kurithiwa na kizazi chake. Kuwa na jina moja na mwenye ngao hakumpi mtu haki zaidi ya ile aliyo nayo mtu wa kuitwa Juma juu ya shamba la Juma mwingine.

Vyama hivi havikosi dosari. Baadhi ya kurasa zao hunukia hamu ya ukabaila, na kuomba ngao London hugharimu maelfu ya pauni, gharama ambayo haiwezi kutetewa kwa hoja ya utamaduni pekee. Hapa ndipo anapoinuka mpinzani mwenye hoja nzito kuliko zote: kwa nini Mkenya ajishughulishe na mabaki ya ukabaila yaliyokuja na gavana wa kikoloni? Ngao za shule nyingi za Kenya, pamoja na kaulimbiu zao za Kilatini, si ushahidi wa kutosha wa kasumba hiyo? Mfano ulio wazi kabisa uko Njoro. Lord Maurice Egerton aliianzisha shule ya kilimo huko mwaka 1939; shule ikawa chuo kikuu, na kaulimbiu ya jamaa yake, "Sic Donec", imebaki kuwa kaulimbiu ya chuo. Maneno ya jamaa ya makabaila wa Cheshire yamekuwa maneno ya maelfu ya wahitimu ambao babu zao hawakupata kuiona Cheshire. Chuo Kikuu cha Nairobi nacho hujieleza kwa Kilatini, "Unitate et Labore", wakati Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinasema "Hekima ni Uhuru" na kila mzazi anaelewa.

Hoja hiyo haiwezi kupuuzwa, lakini inathibitisha kinyume cha inachokusudia. Kenya haikuziacha ngao. Iliziridhia, ikazitungia sheria, na mwaka 2010 ikaiingiza nembo ya taifa katika Katiba, Kifungu cha 9, sambamba na bendera, wimbo na muhuri. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 ikazitaka kaunti zote 47 zijipatie bendera, nembo na muhuri kwa sheria ya bunge la kaunti. Hivyo ngao ziko, na zimeongezeka katika miaka hii kuliko wakati wowote wa ukoloni. Swali lililobaki si kama ziwepo, bali zitamkwe kwa lugha gani. Raia asiye na maneno ya kuieleza nembo ya kaunti yake hana njia ya kuijadili. Huonyeshwa picha, akaambiwa aikubali. Na Kifungu cha 7 cha Katiba hiyo hiyo kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi.

Isitoshe, ardhi hii haikuwa tupu kabla ya gavana. Ngao za Wamaasai zilikuwa na michoro ya rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe, iitwayo sirata, iliyomtambulisha shujaa kwa sehemu na rika lake. Neno "nembo" lenyewe lilimaanisha chale zilizochanjwa mwilini kumtambulisha mtu na watu wake, kabla halijahamia kwenye karatasi. Leo neno hilo limelemewa na mzigo: ni nembo ya taifa, nembo ya chama, nembo ya benki na nembo ya sabuni.

Je, Kiswahili kinaiweza kazi hiyo? Wenzao wa lugha nyingine wamekwisha kuifanya. Mamlaka ya Kanada hutamka ngao zake kwa Kiingereza na Kifaransa, na jimbo la Nunavut lilipopata ngao mwaka 1999 lilichagua kaulimbiu ya Kiinuktitut, taa ya jiwe na nyumba ya theluji, vitu ambavyo hakuna mpiga mbiu wa karne ya 13 aliyeviota. Kiafrikana, lugha changa kuliko Kiswahili, kina istilahi zake za nembo. Ufini ilikuwa na ngao za makabaila waliozungumza Kiswidi, lakini baada ya Vita vya Pili vya Dunia wilaya zake za mashambani zilijipatia ngao zenye nyavu, makasia na majembe, zikaelezwa kwa Kifini. Hali hiyo haiko mbali na ya kaunti za Kenya.

Kwa hakika Kiswahili kina bahati ambazo Kiingereza hakina. Waingereza walipokosa namna ya kuutaja upande wa mbeba ngao waliazima maneno ya Kilatini. Kiswahili kina "kuume", lisilotumika sana mitaani siku hizi na kwa hiyo liko huru kupewa maana moja tu: upande wa kuume wa aliyeibeba ngao, ambao kwa mtazamaji ni kushoto. Mstari unaoikata ngao toka pembe hadi pembe ni mshazari, neno ambalo halihitaji kufafanuliwa. La muhimu zaidi ni sarufi ya virejeshi. Matamko ya Kifaransa hutegemea vitenzi-jina vya hali ili kueleza mnyama anafanya nini bila kusema lini anafanya. Kiswahili kina kirejeshi kisicho na njeo, kile ambacho wanafunzi wengi hukikariri kwa ajili ya mtihani bila kukitumia: simba aparamiaye ni yule aliyeinuka kwa miguu ya nyuma, simba apitaye ni yule anayetembea, na simba alalaye hana haja ya maelezo. Hakuna wakati ndani yake, na ngao haina wakati.

Mfano ufuatao unatolewa ili ukosolewe. Tamko la ngao ya Kenya laweza kusomeka hivi: imegawanyika kwa mlalo, juu nyeusi na chini kijani, mkanda mwekundu wa kati wenye taraza ya fedha, na juu ya mkanda huo jogoo ashikaye shoka kwa mguu wa kuume, vyote vya fedha. Nje ya ngao, simba wawili wa dhahabu washikao mikuki. Chini yao Mlima Kenya, penye kahawa, pareto, mkonge, chai, mahindi na mananasi. Na kwenye utepe, Harambee. Atakayelisoma tamko hili atagundua jambo ambalo picha humficha. Bendera ya KANU ilikuwa nyeusi, nyekundu na kijani, rangi tatu zilizogusana. Weupe uliotiwa kati yake mwaka 1963, ambao kila mtoto wa shule hufundishwa kuwa ni amani, ndio pia unaozuia rangi isilale juu ya rangi, kama kanuni ya wapiga mbiu inavyotaka.

Neno "taraza" ndilo litakaloleta ubishi. Ni ule utepe mwembamba wa hariri uliokuwa ukishonewa pembeni mwa nguo, na vijana wengi wa bara hawalijui. Walimu wa Pwani huenda wakalitetea. Wengine watasema "ukingo" linatosha, ijapokuwa ukingo ni mahali kitu kinapoishia, wakati taraza ni kitu kilichoongezwa hapo. Wapo watakaopendelea "pindo", na hao watalazimika kueleza litabaki neno gani kwa lile pindo la fedha linaloizunguka ngao nzima, ambalo Grosvenor alinyimwa.